Vidole kwenye Joho la Bikira

Ukifika hapa Nyarubungo ukauliza habari za ule moto, utaambiwa Mama Bikira alitoka mwenyewe. Utaambiwa nyumba iliteketea yote, nyasi, fito na kitanda, na yeye akakutwa amesimama kwenye migomba, mzima, hata pua haijachubuka. Mimi Theodosia ni mwenyekiti wa jumuiya, sanamu ile ya Bikira ni ya jumuiya, na nimechoka kubisha.

Mwezi wa kumi, mwezi wa Rozari, sanamu yetu huhama nyumba kwa nyumba. Inakaa wiki moja kwa huyu, Jumamosi asubuhi tunakwenda kusali kwake, halafu inahamia kwa jirani. Haturuki nyumba. Safari ile zamu ilikuwa ya Ndayisenga na mkewe Kaneza, Warundi waliokuja miaka ya karibuni kufanya vibarua vya kulima. Wapo na Warundi wengine ambao wazazi wao waliingia nchini wakikimbia vita, sasa wana mashamba yao na wanaitwa wenyeji. Hao ndio walikuwa wa kwanza kuniambia nisiwapelekee. Ati nyumba yenyewe ya nyasi. Nikawajibu kwamba Bikira alijifungulia zizini, na nikatembea na jibu langu kifua mbele siku nzima.

Sanamu haikumaliza wiki. Habari ilikuja kwamba dereva wa bodaboda ameporwa pikipiki kule msituni. Nani kapora? Warundi. Nani kawaona? Hakuna, lakini ilitosha. Jioni hiyohiyo, watu wakitoka kuchota maji, vijana wakaenda kwa Ndayisenga na petroli. Aliyewaongoza alikuwa Wiston, mtoto wa Marcel. Shamba la maharage la Marcel, Ndayisenga ndiye aliyekuwa ametoka kulilima.

Yeye na Kaneza waliwahi kukimbilia kwenye migomba. Halafu Ndayisenga akarudi ndani.

Hilo aliniambia mwenyewe, jikoni kwangu, ambako niliwapa mahali pa kulala. Nilikuwa namfungua bandeji alizofungwa zahanati. Paa lilimwangukia akiwa mlangoni, na viganja vilikuwa vimevimba, ngozi imebambuka. Mtu ambaye kazi yake ni jembe!

"Ulifuata nini?" nilimuuliza.

"Nilimfuata Mama Maria."

"Imani yako ni kubwa, mwanangu."

"Siyo imani, mama. Yeye si wa kwangu, ni wa watu. Akiungua, kesho wanasema Warundi wamemchoma Bikira. Hapo hata wewe usingetupokea."

Nilitaka kumwambia kwamba ningewapokea tu. Badala yake nilichovya kitambaa kwenye maji ya chumvi nikaendelea kumsafisha.

Asubuhi baada ya moto, watu walipoikuta sanamu, waliona kwenye joho lake la bluu alama nyeusi za masizi: vidole vya mkono wa kushoto, na kile cha mwisho kimeishia nusu. Ndayisenga alikatwa na panga kidole hicho akisafisha shamba la mtu hapahapa kijijini. Kila aliyewahi kumpa kazi anakijua. Lakini walizitazama alama zile wakasema ni za malaika. Scolastica, mke wa Marcel, akaichukua sanamu akaiweka sebuleni kwake, kwenye kitambaa cheupe, na watu wakaanza kumiminika. Walitoka mpaka Biharamulo mjini. Mama mmoja nilimwona akiligusisha paji la uso la mtoto wake mwenye homa kwenye alama ya kile kidole kifupi. Wiston ndiye aliyekuwa akiwapangia wageni viti.

Polisi nao walikuja, wakauliza, na hakuna aliyeona kitu. Nilitaja jina la Wiston. Wakaniuliza kama nilimwona kwa macho yangu. Sikumwona, nilikuwa shambani. Wakasema basi mwenye jambo aje aseme mwenyewe, na mwenye jambo alikuwa amejifunika shuka jikoni kwangu, hataki hata wajue yuko wapi.

Vibarua wengine wote walikuwa wameshaondoka, wengine hawakusubiri hata nguo zikauke. Mvua zikaanza. Mashamba yakakaa na magugu, na wale wanawake waliokuwa wakilalamika kwamba Warundi wamejaa mno sasa walikuwa wakilima peke yao, viuno vinawauma, wanalalamika kwamba Warundi wameondoka msimu wa kupanda. Mimi nilikuwa napikia nje, nimejifunika mfuko wa mbolea kwa manyunyu, kwa sababu Ndayisenga akisikia harufu ya moshi mle ndani alikuwa anatetemeka mwili mzima.

Kaneza ndiye aliyekuwa na msimamo.

"Kwetu hatuna pa kurudi," aliniambia. "Shamba kaka za mume wangu wameshagawana. Nataka tubaki. Lakini nibakije, mama, kwa watu ambao wanaweza kurudi kesho? Waje wasali na sisi. Waseme kwa midomo yao kwamba mume wangu ndiye aliyemtoa. Mtu aliyemwokoa Bikira, nani atamchoma tena? Wakisema, tunakaa. Wasiposema, tunakwenda mpakani Kabanga, tunavuka."

Nikaona ana akili kuliko sisi sote. Nikaenda kwa Scolastica.

"Nimekuja kuchukua sanamu," nikamwambia. "Wiki ya Ndayisenga haikuisha."

"Mwenyekiti, hapa kuna nafasi. Wageni watakaa wapi jikoni kwako?"

"Watasimama. Haturuki nyumba, dada yangu, unajua."

Hakubisha sana. Kuna jambo lilikuwa linamsumbua tangu ule moto, alikuwa amekonda. Wiston akaingia. "Shikamoo, mama." Marahaba. Akaniletea kanga ya kuifungia sanamu, akanifungulia na mlango. Kijana ana adabu, na hilo ndilo linalonichosha kuliko yote. Angekuwa mhuni ningejua pa kumweka.

Jumamosi uwanja wangu ulijaa. Walikuja wa jumuiya yetu na za jirani, na wengine nisiowafahamu kabisa. Nilimweka Bikira kwenye kigoda mbele ya mlango wa jiko. Ndayisenga alikaa kwenye mkeka pembeni yake, mikono yenye bandeji juu ya magoti. Kaneza alikuwa amejifunga kitenge changu kizuri. Alipoona umati ule uso ulimchangamka, na mimi nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi mpaka nikasahau kuchoka.

Tukasali. Ulipofika wakati wa kutaja nia, mmoja aliombea mvua zisikatike, mwingine mtoto wake anayengoja matokeo ya darasa la saba, wengi walishukuru kwa muujiza. Hakuna aliyemtaja mtu wa kwenye mkeka, ingawa walikuwa wakimruka miguu ili wakamguse Bikira. Tulipomaliza tendo la tatu la Rozari nikasimama.

"Kabla hatujaendelea," nikasema. "Sanamu hii haikutoka yenyewe. Huyu hapa ndiye aliyeingia motoni akaitoa. Vidole hivi ni vyake. Mnamjua, amewalimia wote. Tazameni hiki kifupi."

Mtoto akakohoa, mama yake akamziba mdomo. Marcel aliangalia chini. Nikamwona Scolastica anasogea mbele, rozari mkononi. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa anataka mtu amsaidie kusema lile alilokuwa analijua.

"Ndayisenga, mwanangu," akasema. "Tuambie wewe mwenyewe. Ni wewe uliyemtoa?"

Alihitaji kusema ndiyo tu. Kaneza alikuwa anamkazia macho, mikono ameishikilia kifuani. Ndayisenga akamwangalia, halafu akaangalia kule kwenye ua, ambako Wiston alikuwa amesimama na wenzake. Hawakumtishia. Hata uso Wiston hakuukunja. Walikuwa wanangoja jibu kama sisi wengine.

"Hapana, mama," akasema. "Mimi sikumgusa. Sisi tulikimbia. Alitoka mwenyewe."

"Na mikono?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka kali.

"Mikono niliungua na uji."

Vigelegele vikalipuka uwanja mzima. Scolastica akapiga magoti akazibusu zile alama, analia, na machozi yalikuwa ya kweli. Watu wakamfuata, wanasukumana. Mmoja alimkanyaga Ndayisenga mguu akamwomba radhi.

Nilimkasirikia Ndayisenga kuliko nilivyowahi kumkasirikia Wiston, na sijui nani wa kunisamehe kwa hilo. Nyuma yangu, ndani ya jiko, nilimsikia Kaneza akifunga mzigo. Nikageuka. Alikuwa amekivua kitenge changu, amekikunja vizuri, amekiweka juu ya mtungi.

Watu walikuwa wananisubiri, rozari mikononi. Nikatangaza tendo la nne, lile tunaloombea usafi wa moyo. Wakaitikia wote, na sauti ya Wiston ndiyo niliyoisikia juu ya nyingine.