Kinyago cha Eleuterio Barrientos

Barua ya tatu ya kuomba radhi ilipokuja, Eleuterio Barrientos alicheka mpaka mpira wa oksijeni ukamchomoka puani. Amparo, binti yake, ndiye aliyekuwa akimsomea kwenye simu, naye hakuona la kuchekesha. Karakana ya vinyago ilikuwa inasema kwamba kinyago cha Tumbusi Mweupe, yule shujaa wa sinema za mieleka, hakitatoka mwezi ule pia, kwa sababu ngozi iliyoletwa ilikuwa nyeupe ya maziwa, na ile ya kwenye filamu ilikuwa nyeupe ya mfupa.

"Kweli kabisa, ya mfupa," mzee akasema. "Hao watu wanajua kazi yao. Waandikie wasiharakishe."

"Wasiharakishe?" Natividad, mkewe, akadakia kutoka jikoni. "Wewe unapumua kwa mtungi, halafu wao wasiharakishe. Haya, ngojeaneni. Mtakutana makaburini."

"Huko ndiko ninakokihitaji, bibie."

Na hapo hakuwa anatania. Mwanamieleka wa kinyago huzikwa na kinyago chake, na mtu yeyote wa mtaa wetu wa Peralvillo anayetaka kubisha aende akabishane na wenye ulingo. Eleuterio alikuwa na chake ujanani, akakiweka rehani katika pambano, akashindwa, akavuliwa mbele ya ukumbi uliojaa. Sheria ya ulingo haina huruma: ukishavuliwa, basi, hukivai tena mpaka kufa, na hata ukifa. Akabaki anapigana uso mtupu kama muuza nyanya.

Ndipo watu wa sinema wakaja kutafuta mtu mwenye kimo cha nyota wao. Filamu za Tumbusi Mweupe tulizitazama sote, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Basi jueni hivi: Tumbusi akisimama kuongea na mwanamke mzuri, huyo alikuwa nyota. Tumbusi akitupwa kutoka mnara wa kanisa, akiburutwa na farasi, akiruka juu ya garimoshi linalokwenda, huyo alikuwa Eleuterio. Jioni wakimaliza kupiga picha walimvua kinyago na kukifungia sandukuni. Aliapa asimwambie mtu, na hakumwambia mtu ila mkewe, mpaka ugonjwa ulipomlaza ndipo akawaambia binti yake na wanamieleka wenzake. Nyota alipofariki alizikwa na kinyago chake, barabara zikafurika watu, na Eleuterio alisimama pembeni, kofia mkononi, kama shabiki mwingine yeyote.

Ndiyo maana Amparo alipoona kwamba kuna karakana inayonakili vitu vya filamu za zamani, na kwamba kinyago hicho wamekipima kwenye kile kile kilichokuwa kikifungiwa sandukuni, mzee alikosa usingizi. Hiki hakuvuliwa ulingoni. Hiki angeweza kuzikwa nacho. Amparo akakiagiza kwa simu yake, kiletwe mlangoni kwa wazazi.

Daktari alikuwa ameshasema Pasaka ataifikia kwa kudra tu. Pasaka ikaja ikapita. Mvua za Juni zikaanza, maji yakajaa uani, na Eleuterio bado yupo, amenyoa ndevu, anadai supu iongezwe pilipili. Daktari akakuna kichwa. Natividad hakukuna chochote, maana sababu aliiona kwa macho yake: mtu alikuwa anangoja. Kila karakana ilipoahirisha, alikula zaidi. "Siwezi kwenda uso mtupu," alikuwa akisema, kama mtu aliyeambiwa asubiri koti lake kwa fundi cherehani.

Basi yule mwanamke aliyekuwa akiitukana karakana asubuhi na jioni akageuka. Hakumwambia mtu. Alikwenda kumwashia mshumaa Mtakatifu Yuda, ambaye mji mzima humwomba mambo yawahi, na yeye akamwomba yachelewe.

Lakini mzigo ulikuja. Ulikuja asubuhi, Eleuterio amesinzia, Amparo yuko kazini. Natividad akatia saini, akaufungua juu ya meza ya jikoni. Kilikuwa kizuri, lazima tuseme ukweli. Nyeupe ya mfupa, mdomo mwekundu umeshonwa kwa uzi wa mkono, kamba nyuma. Alikitazama akaogopa. Akikiona tu ataridhika, aliwaza, na mgonjwa akiridhika anaaga. Akakifunga kwenye aproni, akavuka ua mpaka chumbani kwa jirani yake Ubalda.

"Shoga, niwekee hiki."

Ubalda akachungulia, akajifanyia ishara ya msalaba. "We Natividad! Mwenzio anakingoja hicho kufa na kupona."

"Ndiyo maana nakileta. Akikipata ndiyo kufa kwenyewe."

"Na ukimnyima?"

"Nani kasema namnyima? Namchelewesha. Kama karakana iliweza, mimi nashindwaje?"

Aliporudi, mzee alikuwa macho. "Nani aligonga?"

"Muuza gesi."

"Na karakana, wamesemaje?"

"Bado."

Jioni Amparo alikuja, akakaa na baba yake mlango umefungwa, akatoka macho mekundu. Natividad alidhani ni habari za daktari, akamkorogea uji wa mahindi wenye mdalasini, hakumuuliza.

Tangu siku ile, kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, mzee aliuliza. "Bibie, karakana wamesemaje leo?" Na Natividad, ambaye maisha yake yote uongo ulimshinda, akawa fundi. Mara kamba hazikufaa. Mara mshonaji wa karakana amekwenda kumwoza binti yake.

"Anaolewa na nani?"

"Na fundi bomba mmoja, mwenye kilema cha tabia. Mama mtu analia."

"Na wewe umeyajuaje hayo?"

"Wameandika. Hawana siri hao."

Walicheka mpaka akakohoa. Kwa kweli zilikuwa siku tamu. Tangu watoto wakue, hawakuwahi kukaa pamoja hivyo, yeye akibuni maneno na mzee akiyachokonoa, mpaka yule bwana harusi fundi bomba akawa kama jamaa wa nyumbani.

Ila kifua hakikuwa na habari na utani. Pumzi ilianza kukwaruza kama msumeno kwenye mti mbichi. Kucha zikawa za buluu. Akawa hawezi kulala chali, hawezi ubavu, analala ameketi, ameshika ukingo wa kitanda. Asubuhi moja aliuliza, "Leo pia bado?" kwa sauti iliyomwinua Natividad, akafika mpaka mlangoni, akaona dirisha la Ubalda ng'ambo ya ua. Akashika kitasa. Kesho, akajiambia. Nipe kesho tu, Mungu wangu. Akarudi akaketi.

"Bado, mzee."

"Basi tungoje."

Alifariki baada ya chakula cha mchana, Natividad akiwa jikoni anampashia supu. Hakuacha usia wala neno la kukumbukwa. Neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa lile swali la asubuhi, na jibu alilokwenda nalo lilikuwa lile lile.

Siku ya pili wanamieleka wa zamani walijaa uani, wamevaa suti na vinyago vyao, wazee watupu, wengine na mikongojo. Natividad akavuka kwa Ubalda, akarudi na kile kitu mikononi, kimefungwa aproni. Alipokifunua, waliokuwa wameketi wakasimama. Fulgencio, mkubwa wao, alivua kofia juu ya kinyago chake.

"Kumbe kimefika."

"Kimefika," akasema Natividad.

"Kwa wakati wake kabisa. Mungu hachelewi, mama."

Maneno hayo yakazunguka ua pamoja na kahawa na mikate. Mungu hachelewi. Kila aliyempa mkono wa pole alimwambia hivyo, na kila aliyesema alikuwa anamchoma pale pale.

Kumvisha marehemu ilikuwa kazi ya watu wa nyumbani. Walibaki wawili chumbani, yeye na Amparo, mlango umefungwa. Amparo akamwinua baba yake kichwa. Natividad akamvalisha, akashika kamba za nyuma, kisha akaziachia.

"Mwanangu, hiki hakikufika jana wala juzi."

"Najua, mama."

"Hujui. Kilikuja tangu mvua zile kubwa. Mimi ndiye—"

"Mama, najua. Siku ile ile simu yangu ilipata ujumbe kwamba mzigo umepokewa, na jina lako chini. Nilikuja jioni nimekasirika, nikamwambia baba. Nikataka kukufuata jikoni, akanishika mkono. Akaniambia, 'Mwache mama yako. Bado hajawa tayari. Mimi nitangoja.'"

Natividad alinyoosha ukingo wa kinyago shingoni.

"Wiki hii ya mwisho nilimbembeleza," Amparo akaendelea, na sasa alikuwa analia. "Alikuwa anaumia, mama, we ulimwona. Nikamwambia, baba, mwambie tu unajua, atakupa. Akakataa. Akasema, 'Mpaka aseme mwenyewe.'"

Hapo Natividad akaelewa, na laiti asingeelewa. Yule fundi bomba, yale maswali, kicheko kile chote. Mzee hakuwa anauliza habari za karakana. Kila asubuhi alikuwa anamwomba ruhusa ya kwenda, naye kila asubuhi alimjibu bado. Na yeye, mtu aliyejirusha kutoka mnara wa kanisa bila kuuliza mara mbili, alishika ukingo wa kitanda akavuta pumzi nyingine kwa ajili yake.

Mlango ukagongwa. Ni Fulgencio, anasema padri ameshafika.

"Nifunge mimi, mama?" Amparo akauliza.

"Shikilia kichwa."

Aliinama karibu na sikio, mahali ambapo ngozi nyeupe ilikuwa bado haijakaza.

"Kimekuja, mzee wangu," akasema. "Nenda sasa. Nenda."

Akafunga kamba, moja baada ya nyingine, kuanzia shingoni mpaka utosini, akazikaza vizuri zisifunguke. Kisha akajifuta uso kwa aproni na kwenda kuwafungulia mlango.