Mashine Nne Zisizoitika

Ulibadilisha chaneli. Usikatae, na usijifanye umeme ulikatika. Jumamosi ile saa kumi jioni, wimbo wa nchi yako ulipofika penye kimya, ulinyoosha mkono ukachukua rimoti, kama ulivyogeuza uso miaka tisa nyuma, moshi ulipokuwa unatoka kwenye madirisha ya kiwanda cha nguo. Basi kaa chini. Leo utausikiliza mpaka mwisho.

Mwenye wimbo ni fundi cherehani ambaye wenzake humwita Pindo, kwa sababu hakuna anayekunja pindo la suruali likanyooka kama yeye. Ndiye kiongozi wa laini ya nne kiwandani humo, safu yenye mashine kumi na mbili. Kila asubuhi kabla ya kazi huziita kwa kuimba, moja baada ya nyingine, na kila fundi huitikia kwa mguu, si kwa mdomo. Anakanyaga pedali, sindano inapiga trrrr, maana yake nipo. Wimbo huo ulianza kama mzaha wa kumnasa mchelewaji. Baada ya moto haukuwa mzaha tena. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje, eti mafundi wasitoroshe vitambaa, na mashine ya tatu, ya saba, ya nane na ya kumi na moja hazikuitika tena. Zilinunuliwa nyingine, wakaja mafundi wengine, lakini wakakubali wasiitikie. Pindo anaziita zile nne mpaka leo, kisha ananyamaza kwa urefu wa mshono mmoja, laini nzima imeinua miguu, ndipo anaendelea.

Ya kumi na moja ilikuwa ya dada yake.

Dada aliacha binti wa miaka kumi na miwili, Pindo akamlea. Ni binti huyo aliyeuimba wimbo wa laini ya nne mbele ya majaji wa televisheni ya taifa, akachaguliwa kwenda kuiwakilisha nchi kwenye mashindano ya nyimbo ya kimataifa. Mtaa mzima ulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Siku mbili kabla ya safari wote wawili waliitwa studio wasikilize muziki ulivyokamilika. Fundi mitambo, baba mmoja mpole mwenye miwani, alibonyeza kitufe. Gitaa, kinanda, sauti ya binti, na milio ya cherehani iliyorekodiwa kiwandani. Ya kwanza ikaitwa, ikaitika. Ya pili ikaitwa, ikaitika. Ya tatu ikaitwa, na papo hapo ya nne.

Pindo akashika ukingo wa kiti. "Baba, kimya kiko wapi?"

"Kimya kipi, mama?"

"Baada ya ya tatu. Na ya saba, na ya nane, na ya kumi na moja."

"Aa, yale mapengo! Nilidhani rekodi imeharibika. Nimeyaziba yote manne. Sikiliza tena, hata kiungo husikii." Alikuwa anajivunia, kama anavyojivunia fundi yeyote anayejua kuunga.

"Fumua," Pindo alisema.

Mkurugenzi wa vipindi, aliyekuwa amesimama mlangoni na simu mbili mkononi, akaingilia. "Mama yangu, tumepewa dakika tatu tu. Na kimya kikizidi kidogo hewani, watu wanadhani televisheni imekufa. Unataka dunia nzima ianze kupiga televisheni makofi?"

Wakacheka. Pindo hakucheka. "Iliyokufa siyo televisheni."

"Uchungu wako tunaujua. Lakini ile ni sherehe, tusiwapelekee watu msiba. Halafu mwenye kiwanda ndiye mdhamini wetu. Muziki umeshatumwa kwa waandaaji. Kilichobaki ni binti kuimba juu yake."

Binti alikuwa anatazama viatu vyake. Kwenye ngazi Pindo akamgeukia. "Na wewe huna la kusema?"

"Mama mdogo, niseme nini? Nikibisha, kesho wanamchukua mwingine, na ataimba hivyo hivyo."

"Bora aimbe mwingine. Mwingine hakuzaliwa na mashine ya kumi na moja."

Binti alishuka ngazi mbio. Akasafiri hawajaagana.

Jumamosi laini ya nne ilijazana sebuleni kwa Pindo. "Kaa, dada, utatoboa sakafu kwa huo mguu," alisema fundi wa mashine ya pili, ambaye hata msibani hukosi kucheka naye. Kisha binti akatokea jukwaani, mdogo kama sindano kwenye taa zile zote.

Akaita ya kwanza, akaita ya pili. Akaita ya tatu, akafumba mdomo.

Muziki ukamwacha. Alipoita ya nne, muziki ulikuwa umeshafika ya tano. "Maskini, amesahau maneno," mtangazaji akasema. Ya saba akanyamaza tena. Ya nane, vilevile. Alipofika ya kumi na moja muziki ulikuwa umekwisha kabisa, ukumbi mzima kimya, na yeye ameinua uso. Akaita. Akangoja urefu wa mshono mmoja. Akaita ya kumi na mbili peke yake, na kule sebuleni fundi wa kumi na mbili akakanyaga sakafu kwa nguvu zake zote.

Nchi ilipata sifuri.

"Sifuri! Hata mimi wangenipa moja ya huruma," alisema wa mashine ya pili, machozi yakimtiririka. Magazeti yakaandika aibu ya taifa. Simu ilipolia Pindo aliipokea kwa mikono miwili.

"Mama mdogo, nimeharibu?"

"Umefumua vizuri, mwanangu. Rudi nyumbani."

Jumatatu asubuhi Pindo aliziita mashine zake. Alipofika ya kumi na moja hakuendelea. Aliinuka, laini yote ikainuka nyuma yake, wakaenda mpaka mlango wa nyuma, wakausukuma. Miaka tisa baada ya moto, haukufunguka. Hakuna aliyerudi kukaa. Wamesimama pale mpaka saa hii, na msimamizi anatafuta ufunguo.

Na wewe una mlango wa nyuma hapo kazini kwako, na hujawahi kuugusa. Weka maandishi haya chini. Inuka sasa hivi, nenda ukausukume. Usipofunguka, usirudi kukaa.