Ada Iliyolipwa kwa Senene

Privatus alikosea mahali pamoja tu: alisema "chochote" mbele ya watu, tena midomo ikiwa bado inang'aa mafuta.

Ilikuwa Novemba, senene wa kwanza, wale panzi wa kuliwa, wameshuka kijijini Kanoni, na kabla jua halijapanda mkewe Kemirembe alikuwa ameshaingia kwenye majani yenye umande nyuma ya migomba, ndoo mkononi, akiwaokota mmoja mmoja. Akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu kidogo, akawatenga mbele ya mumewe na wageni. Wageni wenyewe walikuwa Placidia, dada yake Privatus, na wanajumuiya wachache waliopitia hapo baada ya Misa. Kwa mila za nyumba kama hizi, mwanamke ndiye aliyeokota senene na mwanamume ndiye aliyekula, na aliyekula hakuwa na budi kumshukuru mkewe kwa zawadi, kwa kawaida nguo. Siku hizi wanawake nao wanakula, na wanaume wengi wameisahau ile sehemu ya zawadi kwa wepesi wa ajabu. Privatus hakuwa mmoja wao. Alikuwa na duka la misumari na saruji mjini Kayanga, alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, na alipenda sana watu wamwone akitoa.

"Haya, Mama Jovin," alisema akijifuta vidole. "Senene nimekula. Sema unachotaka, chochote kilichopo mjini. Mwaka jana ulichukua kile kitenge cha maua. Mwaka huu?"

"Mwaka huu sitaki kitenge, Baba Jovin," Kemirembe akajibu. "Nataka uanachama wa klabu ya shabaha."

Placidia akaacha kutafuna.

"Klabu ya nini?" Privatus akauliza.

"Ya kulenga shabaha. Ile ya Mzee Mugisha, pale kilimani kabla hujaingia Kayanga."

"Ya bunduki?"

"Bunduki za upepo. Zina kibali cha polisi, na jioni zinafungiwa kwenye kabati la chuma."

"Ai, waitu!" Placidia akapiga makofi. "Wifi yangu anakwenda vitani! Nani amekuchokoza, wifi, tuanze kumwombea mapema?"

Wageni wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Kemirembe hakucheka. Alibaki amesimama na sahani mkononi, akimtazama mumewe, na mumewe akajua kwamba amenaswa, maana ahadi ni deni, na wadai walikuwa wamekaa sebuleni kwake wanalamba vidole.

Jambo lenyewe lilikuwa limeanza Agosti. Mugisha, askari wa wanyamapori mstaafu, alipofungua klabu yake aliruhusu kila mpita njia apige mara tatu bure. Kemirembe alikuwa anatoka sokoni. Aliweka kikapu chini, akaonyeshwa namna ya kushika, akapiga. Ya kwanza ilikwenda isikojulikana. Ya pili ikatoboa kile kiduara cheusi cha katikati, pale hasa. Ya tatu ikapotea kama ya kwanza. Watu wakapiga kelele, na mtu mmoja akasema, "Mama ana bahati huyu!"

Neno hilo lilimkaa kooni. Mwanamke huyu alikuwa na umri wa kuwa na wajukuu, na kila jema lililotokea mikononi mwake lilikuwa limeshapewa mwenyewe mwingine. Watoto walifaulu kwa akili za baba yao. Kahawa ilizaa kwa sababu ya mvua. Yeye aliipalilia na kuichuma, Privatus akaiuza, na pesa zikawa "pesa za Privatus". Sasa kile kitundu katikati ya karatasi, je, nacho kilikuwa cha bahati, au kilikuwa chake? Alitaka kujua hilo tu. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitenge chochote.

Wageni walipoondoka, Privatus alipata sauti yake.

"Unajua ada ya mwaka ni kiasi gani? Nimempigia simu Mugisha. Bei ya mbuzi watatu! Watatu, Mama Jovin! Na mbuzi anazaa. Risasi ikishatoka imetoka, haiji na mtoto."

"Umesema chochote."

"Nimesema. Sikatai." Akazunguka sebule, mikono nyuma. "Nitalipa robo ya kwanza, hiyo ndiyo zawadi yako ya senene. Mwisho wa Januari nasikia wanashindana na wenzao wa Rubwera, wilaya ya Kyerwa. Nitakuja mimi mwenyewe kuangalia. Nikiona kuna maana, utaendelea. Nikiona ni upuuzi, unaacha, na habari ya bunduki haitajwi tena katika nyumba hii. Sawa?"

Haikuwa sawa, lakini robo ni robo. Kemirembe akakubali.

Laiti ningeweza kusema kwamba alikuwa na kipaji. Hakuwa nacho. Jumamosi ya kwanza alifumba macho yote mawili. Ya pili alifumba moja, akasahau kupumua, akaona nyota. Nyuma ya shabaha palikuwa na tuta la udongo la kuzuia risasi, na risasi zake zote ziliishia humo, hata wenzake, walimu wawili na muuguzi mmoja, wakasema lile tuta ni shamba la Ma Kemirembe, amepanda na sasa anangojea mvua.

"Unaishtua, mama," Mugisha alimwambia kwa upole. "Ukikaribia kufyatua unafanya haraka, kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Bana taratibu."

"Nabana taratibu, mzee wangu."

"Unabana taratibu, halafu mwishoni unanyakua."

Alirudi nyumbani siku hiyo amevunjika moyo kabisa. Njiani aliwawazia wale mbuzi watatu. Aliwaona kabisa, wamenona, na vitoto vyao nyuma. Akawaza bati la stoo ya kahawa linalovuja. Akawaza kwamba huenda yule mtu alisema kweli, ilikuwa bahati, na yeye ni mjinga aliyechukua zawadi ya mwaka mzima akaizika kwenye tuta la udongo. Alipofika kwenye migomba alikaa chini akalia, akajifuta uso kwa upande wa kitenge, kile cha maua, akaingia kupika. Placidia alikuwa jikoni anamsubiri.

"Umeua wangapi leo, wifi?"

"Hakuna."

"Basi Mungu mkubwa."

Mwanzoni mwa Desemba wakashuka senene wa mwishomwisho. Asubuhi hiyo Kemirembe aliingia kwenye majani na ndoo yake, bila kuwaza lolote, akainama juu ya senene mmoja wa kijani aliyeshikilia unyasi. Mkono ukaenda wenyewe. Na mkono ulipokuwa unakwenda, akausimamisha, akautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Senene hanyakuliwi. Mtoto yeyote wa Kagera anajua: ukinyakua, anaruka. Unapeleka vidole karibu naye, unavifunga polepole, polepole, mpaka wewe mwenyewe hujui ni wakati gani hasa umemshika. Unashtukia tu yumo.

"Ai, waitu," alisema peke yake kwenye umande. "Kumbe ni hivi tu?"

Alijizoeza kwa senene wote waliobaki. Jumamosi akalala kifudifudi kwenye mkeka wa klabu, akaweka kitako cha bunduki begani, akaipelekea ile shabaha vidole kama anavyompelekea senene. Bunduki ikashtuka kabla yake. Mugisha alikwenda kuangalia karatasi, akaibandua, akamletea aione. Kitundu kilikuwa ndani ya cheusi. Kemirembe akapiga nyingine, nayo ikaingia humohumo. Hakuwaambia watu wa nyumbani. Alitembea njia nzima anacheka peke yake, na waliokutana naye wakamwamkia kwa tahadhari.

Mwisho wa Januari ukafika. Uwanja wa kando ya Rubwera ulijaa watumishi wa wilaya na jamaa zao, wauza karanga na vijana wa bodaboda. Privatus alikuja na suti ya Pasaka na mwavuli, akakaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, mikono ameikunja, uso wa hakimu. Placidia alikaa pembeni yake na pochi mapajani. Alisema amekuja kumsindikiza kaka yake.

Kila upande ulikuwa na wapigaji wanne, risasi tano kila mmoja. Mugisha alimpanga Kemirembe wa mwisho, si kwa sababu alikuwa bora, ila wenzake watatu walikataa kuwa wa mwisho. Upande wa Kyerwa alimaliza Elpidius, bwana kilimo mmoja mtanashati, mwenye miwani ya jua aliyoivua kwa madaha kila mara kabla ya kupiga. Kwa kweli alikuwa hodari. Alipomaliza, Karagwe, yaani klabu ya Mugisha, walikuwa nyuma, na zilibaki risasi tano za Kemirembe tu. Mugisha akainama sikioni mwake: nne zikiingia kwenye cheusi, tumeshinda, tatu, tumeshindwa.

Kemirembe akalala kwenye mkeka. Akalenga. Halafu akafanya kosa, akageuka kumtazama mumewe. Privatus alikuwa anatikisa kichwa pole pole, kama mtu anayehesabu mbuzi. Aliporudi kwenye shabaha kidole kikanyakua, na risasi ikaingia kwenye udongo.

"Shamba lake hilo," mtu akasema nyuma, na Placidia akacheka kwa sauti.

Sasa hapakuwa na nafasi ya kukosea tena. Kemirembe aliweka shavu juu ya mbao ya bunduki na akaona kwamba hana hofu. Alikuwa na hasira kidogo, hasira safi, ya kumsaidia mtu. Umande, alijiambia. Majani. Huyo hapo.

Ya pili ikaingia. Ya tatu ikaingia. Hata wauza karanga wakasimama. Ya nne ikaingia. Kemirembe hakusikia kitu. Aliwaza vidole vyake tu, na senene mmoja mweusi mdogo kule mbali ambaye hajui kwamba ameshakamatwa.

Ya tano ikatoboa katikati, pale hasa, kama ile ya Agosti.

Kelele iliyofuata ilisikika mpaka barabarani. Kilichosikika zaidi ni sauti ya mwenyekiti wa jumuiya, aliyekuwa amepanda juu ya kiti cha plastiki anapunga mwavuli. "Huyo ni mke wangu! Mke wangu huyo! Mimi ndiye niliyelipa!" Kiti kikavunjika mguu. Akaanguka na suti yake, akainuka na vumbi lake, na bado anapiga kelele. Placidia alikuwa ameshaangusha pochi, anapiga vigelegele huku machozi yanamtoka, anamweleza kila mtu kwamba yule ni wifi yake, wifi yake kabisa, wala hawajawahi kukosana.

Kemirembe alibaki amelala pale mkekani kidogo. Haikuwa bahati. Ilikuwa yake. Furaha ilimpanda mpaka akashindwa kuinuka, na Mugisha ikabidi amshike mkono.

Jioni, wakiwa nyumbani, Privatus alikohoa.

"Zile robo tatu zilizobaki, nitalipa Jumatatu. Nimeona kuna maana."

"Asante, Baba Jovin. Lakini zawadi ya senene ni moja kwa mwaka, na umeshaitoa. Zilizobaki nitalipa mwenyewe. Mzee Mugisha amekubali kusubiri mpaka kahawa, na kahawa mwaka huu nitaiuza mimi."

Privatus akafungua kinywa. Akakumbuka namna alivyokuwa juu ya kile kiti, mbele ya wilaya mbili. Akakifunga.

Kahawa akaiuza yeye, na kwa bei nzuri, kwa kuwa hakukubali ile ya kwanza. Ada ikalipwa, bati la stoo likabadilishwa, na Novemba ikarudi.

Asubuhi ya senene wa kwanza Kemirembe aliamka akakuta kitanda kitupu upande wa pili. Akatoka nje. Privatus alikuwa kwenye majani nyuma ya migomba, suruali imelowa mpaka magotini, ndoo mkononi, ananyakua huku na huku. Kwa kila senene aliyemkamata, watano waliruka. Kemirembe alirudi ndani akachemsha chai.

Wanajumuiya walipopita baada ya Misa walimkuta mwenyekiti wao jikoni, machozi ya kitunguu yanamtiririka. Aliwatenga senene mbele ya mkewe kwa mikono yake mwenyewe, wachache, nusu yao wameungua. Kemirembe akala mmoja mmoja, wote, bila haraka, na Placidia akimtazama kaka yake kama aliyerogwa.

"Senene nimekula," Kemirembe akasema. Neno "chochote" hakulitaja, si mjinga. "Sema, Baba Jovin. Unataka shati?"

Privatus akajikuna kichwa. Akatazama dari, akatazama wageni.

"Uanachama," akasema.

"Wa klabu ya nini?"

"Mama Jovin, unajua."

"Wageni hawajui."

"Ya shabaha," akasema kwa sauti ndogo.

Kemirembe akajifuta vidole, kimoja baada ya kingine.

"Mbuzi watatu, Baba Jovin," alisema. "Na mbuzi anazaa." Akamwacha asubiri kidogo. "Nitakulipia robo ya kwanza. Halafu nitakuja mwenyewe kuangalia."