Futi Kumi na Nane kwa Kumi na Nne

Alhamisi saa nne asubuhi, miguu ya Fundi Waya ilikuwa nje ya mlango wa gari na kichwa chake kilikuwa chini ya dashibodi, bisibisi mdomoni. Gari lilikuwa la mshonaji, limeegeshwa mbele ya chumba alichopanga. Redio yake ilishika stesheni mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa mkwaruzo.

"Redio yenyewe haina akili, mama," Fundi alisema alipotoa bisibisi mdomoni. "Tunaiachia kazi ya kupiga kelele tu. Akili tunaipachika pembeni."

Akamwonyesha kompyuta ndogo, saizi ya kiberiti. Akaiunga umeme kwenye tundu la kuwashia sigara, akachomeka waya wa sauti nyuma ya redio, akabandika tableti kuukuu katikati ya dashibodi iwe kioo chake.

Mshonaji alikuwa na haraka. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa bintiye, watu kumi na wanane, na mkwe haambiwi simama hapo nje. Sebule ilikuwepo, tena kubwa, kwenye nyumba ya marehemu baba yake. Mshonaji ndiye aliyemuuguza mzee miaka tisa, lakini kaka yake ndiye aliyeandikwa kwenye hati, kwa hoja kwamba mwanamke huolewa na nyumba hubaki. Yeye akapewa gari. Alipokwenda kuiomba sebule kwa saa tatu tu, kaka alimjibu palepale mlangoni kwamba imepakwa rangi. Rangi hiyo ilikuwa mwaka wa pili haijakauka.

Basi akapanga kuwakaribisha wageni garini, wawili wawili, wengine wasubiri zamu kwenye mabenchi ya jirani.

"Mama, tukiaibika?" bintiye aliuliza.

"Tutaaibika na muziki."

Kompyuta ilipowaka, ikauliza ukubwa wa nafasi, ili ijue sauti iende wapi. Fundi akajipapasa mifukoni. Futi yake alikuwa ameisahau.

Mshonaji alikuwa na yake shingoni, kama siku zote, ila hakuivua. "Kumi na nane kwa kumi na nne," alisema. "Kwenda juu, tisa." Hivyo vilikuwa vipimo vya sebule ya baba. Alivijua tangu siku alipoishonea mapazia.

"Futi hizo? Hili ni gari au ukumbi?"

"We Fundi, mteja hapa ni nani?"

Fundi akaandika.

Siti ya nyuma ilianza kurudi nyuma polepole, kama mtu anayepisha wenzake. Kwa nje gari lilibaki lilelile, milango minne na taa moja iliyopasuka. Ndani, Fundi alilazimika kutembea hatua saba kwenda kuokota bisibisi yake. Alisema spika mbili hazitatosha, akaenda kuleta nne nyingine. Ijumaa mshonaji alishona mapazia.

Jumamosi saa nane mchana wakwe walifika, si kumi na wanane bali thelathini na sita, kwa kuwa habari ya posa haina breki. Waliingia kwa mlango wa nyuma wa kushoto, wameinama, na kila aliyeingia akanyoosha mgongo. Majirani waliingia kwa mlango wa kulia, bila kualikwa. Mtu mmoja aliuliza viatu viwekwe wapi. Akaambiwa chini ya usukani.

Shangazi wa kijana, ambaye ulimi wake ulikuwa umeshavunja posa mbili mwaka ule, alizungusha macho toka dari mpaka sakafu.

"Mapazia yamekatwa vizuri," alisema mwishowe. "Ila mlango mdogo."

"Mdogo wa kuingilia, mkwe wangu. Wa kutokea hatuna haraka nao."

Watu wakacheka, na shangazi akacheka kuliko wote. Kila mtu alituma wimbo wake kwa simu, na kompyuta ikazipanga foleni kwa adabu, za wazee kwanza. Kabla wimbo wa saba haujaisha, posa ilikuwa imekubaliwa.

Saa kumi kaka mtu alifika, kwani muziki ulikuwa umemfuata mpaka kwake. Akachungulia ndani. Aliuona ufa ulio juu ya dirisha, na msumari uliokuwa na picha ya mzee.

"Hii sebule ya baba," alisema.

"Ndiyo."

"Umeitoa wapi?"

"Nilikuwa naijua. Pita ukae, kaka, huku hakuna rangi mbichi."

Akakaa karibu na mlango, akala, kisha akasimama kuwashukuru wakwe kwa niaba ya familia. Alishukuru kwa muda mrefu, mpaka mtu akamvuta shati.

"Na ile nyumba je?" shangazi alimuuliza.

"Hati ina jina langu."

Hakuna aliyebisha. Hati ilikuwa na jina lake.

Saa kumi na moja wageni walianza kutafuta viatu. Mshonaji akawaambia wakae, akaketi kwenye usukani, akawasha gari. Sebule yote ikaingia barabarani, na watu hamsini na wawili ndani yake. Kwenye njia panda trafiki aliwasimamisha, akaingiza kichwa dirishani, akatazama kwa makini, akawataka wale wa kule mwisho wafunge mikanda. Wakafunga. Akauliza kama kuna nafasi mpaka njia panda inayofuata. Ilikuwepo.

Kaka alishushwa getini kwake. Akafungua, akaingia, akafunga kwa ufunguo mara mbili. Gari likampigia honi ya kwaheri, likaondoka, na waliokuwa wamekaa wakasimama kucheza, maana dari iliruhusu.

Wapo wanaosindikiza wageni hadi mlangoni, na wapo wanaofika nao hadi kituoni. Mshonaji aliwasindikiza wakwe zake na sebule nzima, wimbo wa kumi na tisa ukipigwa, na walipofika kwao, hakuna aliyetaka kushuka.