Sentensi Moja ya Lengo Kuu

Tangu asubuhi muuguzi alikuwa hatulii. Akikaa, anasimama, akisimama, anachungulia dirishani, wala hakuna anachokitazama huko nje. Saa nane mchana jopo la chuo lingekaa kusikiliza mapendekezo ya utafiti, na yeye alikuwa ameshindwa na sentensi moja tu: lengo kuu. Bila sentensi hiyo hasikilizwi, anasubiri mwaka mwingine, na ruhusa ya kazini ndiyo hiyo inakwisha.

Mbele yake, kwenye kiti kilichomzidi kimo, alikaa msimamizi wake wa utafiti, mama mfupi mwenye miwani ya kamba. Wanafunzi walimbatiza Mama Fupisha. Hakuna kazi iliyopita mikononi mwake isirudi imekonda.

"Nisomee tena," alisema.

Muuguzi akasoma: "Kuchunguza, kutathmini na kuthibitisha namna lugha kali za wakunga wa zamu ya usiku zinavyowafukuza wajawazito, ili hatua zichukuliwe na huduma ziboreshwe."

"Pumua kwanza, mwanangu. Hapo umefungasha kazi tatu, hukumu moja, na adhabu juu yake. Wajawazito gani? Wa wapi? Halafu, kama mkosaji umeshamjua, utafiti wa nini? Si uende polisi tu!"

Muuguzi alikasirika, mpaka masikio yakapata moto. Huyu mama anajua nini? Mdogo wake, aliyezaliwa naye tumbo moja, alihudhuria kliniki kwenye kituo kile kile anachofanyia kazi yeye, hakukosa hata mara moja. Uchungu ulipomshika akajifungulia chumbani kwake, jirani akimsaidia. Mtoto hakulia. Tangu hapo muuguzi alikuwa na jambo moja moyoni: wale wakunga wa usiku, wenye midomo michafu, lazima waumbuke. Ndicho kilichomrudisha darasani. Shahada ilikuwa kisingizio.

"Lengo kuu linasema unataka kujua nini, kwa nani, wapi," Mama Fupisha aliendelea. "Basi. Jibu haliandikwi humo. Wewe umeshamuuliza hata mmoja kwa nini hakurudi?"

Hakuwahi. Alishiriki mazishi ya mtoto, akampikia mdogo wake uji, akalia naye kitanda kimoja, lakini kumuuliza hakumuuliza. Aliona ya nini, jibu si analo?

Akatoka. Alishuka ngazi, akazipanda tena, akashuka, mpaka mfagiaji akamwambia achague moja. Hatimaye akapiga simu.

"Dada, kuna nini? Mbona unahema?"

"Mdogo wangu, samahani nakuuliza leo. Kwa nini hukurudi kituoni kujifungua?"

Upande wa pili maji yalikuwa yanamiminika kwenye ndoo. Bomba likafungwa.

"Unataka kujua kweli?"

"Kweli."

"Siku ile ya kliniki ya mwisho nilikuwa nimelala napimwa, wewe uko nyuma ya pazia na wenzako. Ukawaambia mume amenikimbia, ameniacha na tumbo kama mzigo uliosahauliwa stendi. Mkacheka. Dada, mlicheka sana. Nikasema moyoni, hawa hawanivui nguo tena."

Muuguzi aliegemea ukuta. Kibaya zaidi, hakukumbuka. Walitaniana hivyo kila siku, kazi ipate kwenda, na maneno yale yalikuwa yake kabisa, hata ladha yake aliijua. Na mchana ule wakunga wa usiku walikuwa makwao wamelala.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, na wewe ndiye uliyekuwa unanifuta machozi?" Simu ikakatwa.

Alikaa kwenye ngazi. Sentensi ya zamani bado ilikuwepo, angeweza kuipunguza maneno mawili matatu akapona, na wakunga wakabaki na lawama zao. Kusema kweli alitamani. Kisha akaipiga mstari yote na kuandika upya:

"Kubaini sababu zinazowafanya wajawazito wanaohudhuria kliniki katika kituo cha afya cha kata wasirudi kujifungulia hapo."

Mama Fupisha aliisoma, akatafuta pa kupunguza, akakosa. "Sasa hapa naona unataka kujua," alisema.

Kwenye jopo, mzee mmoja mwenye kikohozi alimuuliza kama si yeye mwenyewe anayefanya kazi kwenye kituo hicho. Akaitikia. "Na ukikuta tatizo ni nyinyi wenyewe?"

"Nitaandika," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie.

Wakampitisha. Wenzake wakampigia makofi, mmoja akamkumbatia, na yeye akashukuru huku macho yakiwa mlangoni. Hakusubiri picha. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akabisha hodi, na mlango ukafunguliwa nusu.

"Nani kaja?" mdogo wake aliuliza, naye anamwona. "Dada yangu, au mtafiti?"

Muuguzi alisimama pale pale kizingitini, machozi yanamdondoka, hana wa kumfuta.

Mdogo wake akasogea kidogo pale mlangoni, si sana, kiasi cha mtu kupita kwa ubavu.