Tisa ya Chaki

Siku timu ya Ng'ambo ilipotangaza kwamba imesajili wachezaji watatu kutoka nje ya nchi, duka la mjomba wangu, fundi viatu, liligeuka mahakama. Washitakiwa hawakuwepo wala hawakuitwa. Hakimu alikuwa Kinyozi, ambaye duka lake limepakana na letu ukuta kwa ukuta, na ambaye humwacha mteja na ndevu nusu ili aje kutoa hoja. Mwandishi wa mahakama alikuwa Karani wa posta, mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye daftari lenye matokeo yote ya ligi tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni. Kazi yangu ilikuwa kupaka gundi, kukata nyuzi na kulinda amani.

Sote pale tulikuwa mashabiki wa timu ya Karakana, damu damu. Ng'ambo ni wale wa upande wa pili wa reli. Walikuwa wamebakiza mechi moja, na ilikuwa dhidi yetu. Wakishinda, wanapanda ligi kuu. Sisi tulikuwa katikati ya msimamo, hatupandi wala hatushuki, kwa hiyo kazi pekee tuliyobakiwa nayo duniani ilikuwa kuwazuia.

"Eti ana miaka ishirini na miwili?" Kinyozi alifoka, wembe mkononi. "Yule namba tisa wao nimemnyoa mimi mwenyewe. Ana mvi kumi na nne. Nimezihesabu!"

"Labda vumbi," mjomba alisema bila kuinua kichwa.

"Vumbi nalijua, fundi. Nimepangusa, halikutoka."

Karani akafungua daftari lake. "Na huyo kipa anasema kacheza kwao misimu minne. Timu aliyoitaja nimeitafuta. Ina uwanja, ina basi, ina hadi mlezi. Mechi ndizo hazionekani."

"Na yule kiungo?"

Karani akafunua ukurasa, akaurudia. "Huyo ndiye anayenitia shaka kuliko wote. Sijampata na kosa lolote."

Kinyozi akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeletewa habari za msiba.

Hapo wote wawili wakamgeukia mjomba. Ni lazima nieleze kwa nini. Mjomba husoma soli. Mletee kiatu cha mtu asiyemjua, atakuambia mwenyewe hukaa au husimama kazini, hubebea mzigo bega gani, na kama ana haraka au ana wasiwasi. Aliwahi kumwambia dereva mmoja kwamba breki za lori lake zimekwisha, kwa kutazama tu kiatu cha mguu wa kulia kilivyolika. Dereva alicheka, akaenda, akarudi siku ya tatu na mkono wenye bendeji kuja kuomba radhi. Tangu hapo watu huleta viatu kutoka mbali, wengine hata havijaharibika.

Na kwa kuwa hapakuwa na fundi mwingine anayeweza kushona viatu vya mpira vikastahimili mechi, Ng'ambo nao walimletea vyao. Mtunza vifaa wao alikuwa shemeji yake, kaka wa mke wake, na sisi wote tulimwita Shemeji. Kila Jumatano alikuja na gunia.

"Shemeji, habari za huku?" alisalimu Jumatano ile, akilishusha gunia mlangoni.

"Nzuri, shemeji. Dada yako mzima. Hao wageni wako hawajambo?"

"Hawajambo. Tisa ameng'ang'ania viatu vyake vya zamani, vyeusi, hataki vipya. Nyuzi za pembeni zimeachia. Tafadhali nishonee." Kisha akamwangalia Kinyozi, akamwangalia Karani. "Na naomba visikae karibu na watu."

"Unatushuku?" Kinyozi aliuliza.

"Nakushuku tangu darasa la pili," Shemeji alijibu, akaondoka.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na nitalieleza kwa unyoofu ambao mwalimu wa zamu hajawahi kuusikia kutoka kwangu. Kila jozi inayoingia dukani hufungwa kikaratasi kwenye kamba zake. Mle guniani kulikuwa na jozi yenye kikaratasi cha namba tisa. Kwenye rafu kulikuwa na jozi nyingine nyeusi ya mpira, saizi ileile, imeloa tope lilelile. Ilikuwa ya Karani, ambaye kila Jumapili hucheza na timu ya wazee beki wa pembeni, kwa maana kwamba husimama pembeni. Nikabadilisha vikaratasi.

Ilikuwa utani wa dakika moja. Viatu vya Karani vilishonwa na mjomba likizo iliyopita, kwa uzi wa kijani ambao fundi mwingine yeyote hana. Nilitegemea ataviinua, atauona mshono wake mwenyewe, atanitupia ganda la kisigino, tutacheka, basi.

"Haya, fundi," Kinyozi alisema. "Tisa huyo mikononi mwako. Tusomee."

Mjomba alichukua kile kiatu, akakigeuza, akapitisha kidole gumba polepole kutoka kisigino hadi ncha. Kidole kilipita juu ya uzi wa kijani. Nilisubiri ganda la kisigino. Halikuja.

"Mh," alisema.

"Mh nini?"

"Huyu hakimbii. Kisigino kimekwisha, mbele bado pazima. Huyu anatembea. Tena anaegemea kulia, kama mtu aliyezoea kuegemea meza." Akagonga soli kwa kucha. "Mtu wa hivi ungemweka ofisini, si uwanjani."

Karani, aliyekuwa kaketi mlangoni akitazama barabara, alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Jamani! Huyo hata mimi ningemkaba!"

"Wewe ungemkaba umekaa," Kinyozi alimwambia.

Mjomba akachukua chaki. Ndiyo kawaida yake: vikaratasi huchanika wakati wa kushona, kwa hiyo huandika alama ya mwenyewe kwenye upinde wa soli, pale pasipogusa ardhi. Akaandika tisa, yenye mkia mrefu uliojikunja kama ndoano, tisa ambayo mtaa mzima unaijua. Kwenye jozi nyingine akaandika K. Kisha, kabla sijapata pa kuingilia, akasimama.

"Nisikilizeni. Ng'ambo wakipanda daraja kwa miguu hii, nitaweka kiti hapa nje siku nzima, na kila shabiki wa Ng'ambo atakayekuja nitamng'arishia viatu kwa mikono yangu. Bure."

Kinyozi akakimbia kuutangazia mtaa. Mteja wake akabaki na povu.

Niliposalia peke yangu na viatu, nikavirudisha vikaratasi mahali pake haraka. Nikalowesha kitambaa, nikafuta ile K kwenye viatu vya tisa. Nilikuwa nanyoosha mkono kuchukua vile vya Karani mjomba aliponiita.

"Mwana, njoo unitilie uzi kwenye sindano. Wewe una vidole vyembamba."

Nikamtilia. Na nilipokuwa namtilia nikakumbuka kwamba jana yake nilimtilia pia, na juzi, na kwamba likizo ya mwaka uliopita hakuwahi kuniomba. Nikamtazama. Alikuwa ameinamia soli karibu iguse pua yake. Vidole vyangu ni vinene, tena kama vya mama yake, bibi yangu. Yeye mwenyewe husema hivyo. Nikaisahau kabisa ile tisa ya chaki.

Ijumaa nilikiri. Nilimweleza yote: vikaratasi, uzi wa kijani, jinsi nilivyosubiri ganda la kisigino. Mjomba aliweka nyundo chini.

"Viatu vya Karani vile?"

"Ndiyo, mjomba."

"Vyenye mshono wangu."

"Ndiyo."

Alisugua vidole gumba. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi asijue mtu. Wakisikia nilikosea kwa sababu ya utani wako, watauliza kwa nini sikuuona mshono wangu. Na wakishauliza hilo, nani ataniletea kiatu? Acha waseme ushabiki ulinitia upofu." Alicheka kidogo kwa neno lake mwenyewe, kicheko kisichofika mbali. "Huo wanausamehe."

"Na kiapo, mjomba?"

"Kiapo kiko palepale. Omba Karakana ishinde."

Niliomba. Haikusaidia. Jumamosi, mabeki wetu waliingia uwanjani wakiwa wamekwishaambiwa na mtaa mzima kwamba tisa ni mtu wa kutembea. Wakamwachia nafasi ya kutembea. Dakika ya kumi na moja akatembea hadi ndani ya kumi na nane, akafunga. Dakika ya ishirini na nane hakutembea tena, alipaa, na mpira ukalala wavuni kabla kipa wetu hajamaliza kuwalalamikia wenzake. Mbili bila. Ng'ambo wakapanda daraja, na Kinyozi akatangaza kwa sauti kavu kwamba mvi zile huenda ni za kurithi.

Jumatatu asubuhi mjomba aliweka kiti nje, kopo la rangi ya viatu kulia, brashi kushoto. Foleni ilifika duka la vyuma. Walikuja na viatu vya harusi, vya mvua, mmoja alikuja na kandambili akadai haki yake. Shemeji alisimama kando akiitunza foleni kwa heshima kubwa iliyokuwa inakera.

"Polepole, shemeji, usijiumize mkono. Bado mia na kitu."

"Asante kwa kunihurumia, shemeji. Nitamsalimia dada yako."

Saa nne Karani akatokea. Hakuwa kwenye foleni. Alikuja moja kwa moja, uso umekunjamana, mfuko wa karatasi mkononi. Akatoa kiatu chake cha Jumapili, akakipindua mbele ya watu wote.

"Fundi. Nilikuwa nasafisha tope jana. Hii ni nini?"

Kwenye upinde wa soli, wazi kabisa, ilikaa tisa ya chaki, mkia umejikunja kama ndoano.

Kinyozi akatoka dukani kwake na kuacha mtu nusu kichwa. Niliona mkono wa mjomba ukisimama juu ya brashi. Hesabu ilikuwa rahisi mno: tisa kwenye kiatu cha Karani, Karani huegemea kaunta kutwa, uzi wa kijani unang'aa pale pale pembeni. Mtu mmoja tu aanze kuijumlisha, mjomba angekwisha.

"Mimi niliandika," nikasema.

Karani akanigeukia taratibu. Hakuna anayeshuku kama mtu aliyefanya kazi na mihuri ya watu miaka thelathini. "Wewe?"

"Nilipokuwa navifungasha, mzee wangu. Nilitaka ufunge magoli Jumapili. Nilidhani namba itasaidia."

Watu wakaanza kucheka. Karani hakucheka.

"Tisa hii ni ya fundi. Naijua. Risiti zake zote ninazo, mkia ni huu huu."

"Naigiza mwandiko, mzee."

"Andika."

Akanipa chaki iliyokuwa mezani na kipande cha soli. Hapa ndipo elimu yangu ya bweni, ambayo wazazi wangu wamekuwa wakiitilia shaka, ilipolipa. Kwa miaka mitatu nimeandika ruhusa za kutoka shuleni kwa mwandiko wa mjomba, wa baba, na mara moja wa daktari wa meno. Nikaandika tisa. Mkia ukajikunja wenyewe.

Karani akaziweka mbili pamoja, akavua miwani, akavaa miwani. "Shetani mkubwa wewe," alisema mwishowe. Akacheka, na foleni nzima ikacheka naye.

"Mwadhibuni!" Kinyozi alidai. "Kuchezea viatu vya mteja!"

"Ataadhibiwa," mjomba alisema. "Achukue brashi. Waliobaki wote ni wake."

Nikakaa kwenye kiti. Nilikuwa nimefika kiatu cha ishirini na tatu kivuli kirefu kiliponisimamia. Tisa mwenyewe, na kofia kichwani, ameweka mguu mbele.

"Huyo niachie mimi," mjomba akasema.

Akainama, akakishika kiatu na mguu ukiwa ndani, akapitisha kidole gumba chini ya soli, polepole, macho yakitazama barabarani. Kila mtu alimtazama yeye.

"Unaruka kwa mguu wa kushoto," alisema. "Wa kulia unauonea huruma. Kifundo kiliwahi kuumia, na ukigeuka ghafla bado kinakuchoma. Umewaficha kocha na daktari."

Mchezaji akaurudisha mguu wake kama aliyekanyaga kaa la moto. "Nani amekuambia?"

"Wewe. Sasa hivi."

Shemeji akageuka kumtazama mchezaji wake kwa jicho jipya kabisa. "Kifundo?" aliuliza. "Kifundo gani?"

Mnong'ono ukaenda hadi mwisho wa foleni na kurudi. Mwenye kandambili akatangaza kwamba kesho ataleta viatu vyake vya kazini visomwe. Kinyozi akatumia nafasi hiyo kumwomba mgeni avue kofia, kwa ajili ya kumbukumbu za Karani.

Mchana, foleni ilipokwisha na mkono wangu haujui tena kukunjuka, mjomba alininyooshea sindano na uzi. Nikatia. Alisubiri mpaka Kinyozi akarudi kwake.

"Kesho utanisindikiza kwa daktari wa macho," alisema. "Tukikutana na mtu njiani, mgonjwa ni wewe."

Nikafumba jicho moja, kwa mazoezi.