Barua Niliyokataa Kusomewa

Macho yangu yaliliwa na moto wa kuchomelea. Miaka thelathini nilichomelea mageti ya watu, miwani ya kujikinga nikaiona ya waoga, na sasa hata sura yangu kwenye kioo ni ukungu mtupu. Mtaani bado wananiita Mzee Cheche. Nacheka nao, ningefanyaje?

Barua zangu zote aliniandikia mpangaji wa chumba cha nyuma, mwalimu wa darasa la pili. Miaka tisa. Barua ya maji, ya kiinua mgongo, hata ya kumfokea shemeji yangu. Akimaliza hunisomea neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya darasani, ndipo naweka dole gumba.

Kisha kitindamimba wangu akapiga simu. Anarudi nyumbani na mkewe mjamzito, anakitaka kile chumba.

"Mpe notisi, Baba. Ya maandishi, asije akakusumbua."

Mtu mwenye akili zake angetafuta mwandishi mwingine. Mimi nilimwita yeye yule yule, Jumamosi mchana, akaja na kalamu yake.

"Haya, Mzee, leo tunamfokea nani?"

"Andika: kwa mpangaji wa chumba cha nyuma."

Kalamu ikasimama. Nilimsikia jirani akisugua sufuria.

"Niandike jina langu?"

"Andika."

"Sababu?"

"Mwanangu anarudi."

"Muda?"

"Mwezi mmoja."

"Mkataba wetu unasema miwili, Mzee. Ukiandika mmoja, barua haitasimama."

Yaani namfukuza, naye ananisahihisha ili nimfukuze vizuri! Nilitamani ardhi inimeze. Akaandika kwa muda mrefu kuliko maneno niliyompa, kisha akakohoa kidogo aanze kunisomea.

"Usinisomee," nikamkatiza. "Nionyeshe pa kuweka dole."

"Lakini siku zote nakusomea. Sikiliza kwanza."

"Nimesema basi!"

Ilikuwa aibu, si ukali. Lakini yeye aliusikia ukali tu.

Miezi miwili nilikaa barazani nikimsubiri aje anibembeleze. Angeniomba hata nusu neno, ningemwambia mwanangu akapange kwingine. Moyoni nilishakata shauri. Hakuomba. Kila jioni alipita, "Shikamoo, Mzee," akapunguza mwendo mbele yangu, kisha akaingia kwake. Nikajisemea, huyu mwalimu ana kiburi. Siku ya mwisho alipakia vitu vyake, akaniwekea ufunguo kiganjani, akaniaga kwa heshima. Hakusema anahamia wapi, nami nikashindwa kuuliza. Najuta mpaka leo.

Mwanangu alifika kesho yake. Akaikuta nakala yangu kwenye droo, akaisoma kwa sauti, harakaharaka, huku mkewe akifagia chumba cha nyuma. Jina. Sababu. Miezi miwili.

"Baba, haya ya mwisho ulimwambia wewe?"

"Yapi?"

"'Nikibadili nia kabla ya siku hiyo, nitamgongea mpangaji mlango, naye atabaki bila swali lolote.'"

Nikamwomba arudie. Akarudia, polepole safari hii.

"Sikumwambia hayo," nikasema.

"Mbona umekubali, Baba? Dole lako hili hapa chini."